Gari Lililoinuliwa: Safari ya Musoma, Bunda na Butiama

Wengi wetu tukitaka kujua uzima wa gari hutazama rangi yake na kusikiliza ngurumo ya injini yake. Ni wachache mno wainamao kutazama chini, pale mwili wa gari unapokutana na magurudumu. Mimi nalikuwa katika hao wengi, hata safari mbili za mkoa wetu wa Mara zikanifunza nisilokuwa nalijua. Nimeona vema niwaandikie khabari zake, kwa kuwa mna faida kwa kila mwenye kupanda gari. Mna aibu yangu pia, wala sikuona haki kuificha.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, anaishi Musoma na kazi yake ni kuchukua wageni. Musoma ni mji uliokaa juu ya ulimi wa nchi ulioingia katika Ziwa Viktoria. Ukiamka alfajiri ukashuka Mwigobero utaona mitumbwi ikirudi, dagaa wakianikwa, na nyuma yao mawe makubwa ya ufukweni yaliyopandana kana kwamba mtu aliyapanga kwa mkono. Wageni huja kutazama hayo, kisha hutaka kupelekwa Butiama penye kaburi la Mwalimu Nyerere, na kupita Bunda hata lango la Ndabaka, ambalo ni mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti iliyoanzishwa mwaka 1951.

Barabara kuu itokayo Sirari kwenda Mwanza ni ya lami, nayo haina taabu. Taabu huanza ukiiacha. Huko magharibi ya Serengeti iko mbuga ya udongo mweusi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na wakati wa mvua hunata kama ugali usioiva. Na njia za changarawe, zikipitwa sana na magari, hufanya mikunjo kama ya bati, gari likatetemeka hata meno yakagongana. Kwa sababu hiyo wenye kazi ya utalii hupenda magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, nao hupenda kuyainua na kuyatia springi zenye nguvu.

Mpwa wangu alikuwa amenunua Land Cruiser lililokwisha kutumika, lenye viti vinane vya abiria mbali na cha dereva. Akanijia akaniambia, "Mjomba, nataka kuliinua gari. Wageni wakiona gari refu hupata imani." Mimi nikamwambia, "Vema, mwanangu, tena utie springi nzito kabisa, ili siku utakapotupeleka Butiama na vijana wa madrasa tuingie wengi kwa mara moja." Hilo ndilo shauri nililompa, mimi mwalimu, mtu mzima wa miaka hamsini na zaidi.

Akaenda kwa mtu mmoja wa gereji, akamwongezea nyuma mabapa mawili ya springi yaliyotoka katika lori bovu. Gari likainuka nyuma kama punda atakaye kupiga teke. Mpwa wangu akafurahi, nami nikamsifu.

Siku ya safari ya kwanza tulikuwa watu watatu tu: yeye, mimi, na dada yangu, mama yake, aliyekaa kiti cha nyuma. Tulikuwa tukienda kuwazuru jamaa zetu upande wa Ikizu. Tukatoka Musoma, tukapita Makutano na Kiabakari, hata Bunda chini ya mlima Balili, na mpaka hapo tukawa katika raha. Tulipoingia njia ya udongo mambo yakabadilika. Gari lilikuwa tupu, na springi zile zilitengenezwa kwa mzigo wa lori, basi hazikukubali kupinda hata kidogo. Kila shimo likawa pigo. Nyuma ya gari ikawa inaruka na kwenda upande, na katika kona moja magurudumu ya nyuma yaliiacha nchi, mpwa wangu akageuza usukani mara tatu kabla gari halijamtii. Tulisimama ukingoni mwa mtaro.

Nikamtazama dada yangu. Alikuwa ameshika kiuno chake kwa mikono miwili, machozi yakimtoka bila sauti. Akasema, "Mwanangu, nirudishe polepole. Mgongo wangu umepata." Hakumlaumu mtu. Lau angalilaumu, ingalinipunguzia uzito uliokuwa kifuani mwangu, maana mimi ndiye niliyeshauri springi nzito.

Tukarudi Bunda kwa mwendo wa mguu. Dada akapelekwa zahanati, akapewa dawa na kuamriwa kulala, na kwa fadhila za Mwenyezi Mungu mfupa haukuvunjika. Sisi tukaelekezwa kwa fundi mmoja mzee. Hakuuliza bei tuliyolipa wala nani aliyetutengenezea. Alitandika gunia, akaingia chini ya gari, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka akamwambia mpwa wangu, "Kijana wangu, njoo uone mwenyewe. Nawe, Maalim, inama kidogo."

Tukainama. Akatuonyesha springi, ambazo ni mabapa marefu ya chuma yaliyopindwa kama upinde na kufungwa moja juu ya jingine. Ndivyo zilivyokuwa katika Land Rover tangu ilipoonyeshwa kwa watu mwaka 1948, na Land Cruiser za aina hii, zilizoanza mwaka 1984, zilikuwa nazo mbele na nyuma. Kuanzia mwaka 1999 Toyota walitia mbele springi za kuzunguka kama nyoka aliyejikunja, na nyuma wakayaacha mabapa kwa ajili ya kuchukua mzigo.

Akasema, "Springi hubeba, shokapu hutuliza. Springi ikibonyezwa hutaka kurudi juu kwa nguvu ile ile iliyobonyezwa nayo, na ikiachwa peke yake itacheza juu chini bila kukoma. Shokapu ni bomba lenye mafuta ndani. Gurudumu likipanda au kushuka, mafuta hulazimishwa kupita matundu madogo, na ule mchezo wa springi hugeuka kuwa joto. Basi shika hapa." Nikashika shokapu ya nyuma, nikautoa mkono. Nilipoutazama mkono ulikuwa na mafuta. Shokapu ilikuwa imepasuka mpira wake wa kuzuia, na mafuta yamevuja. Tangu siku nyingi gari lile halikuwa na kitu cha kulituliza, nasi badala ya kubadili kilichokufa tukaongeza kisichohitajiwa.

Walakini jambo la kutisha lilikuwa bado. Akalipandisha gari kwa jeki hata gurudumu la nyuma likaning'inia, akatuonyesha mpira upelekao mafuta ya breki kwenye ekseli. Ulikuwa umevutika kama uzi wa zeze. "Gari limeinuliwa," akasema, "na mpira huu umebaki urefu wa zamani. Ungalikatika penye shimo, na mbele yako kuna mteremko, ungalikanyaga breki ukakuta hamna kitu." Mpwa wangu akakaa juu ya tairi lililokuwa pale, hakusema neno kwa kitambo. Yule mtu alikuwa akichukua roho za watu kila juma.

Fundi akachukua kipande cha karatasi, akamwuliza, "Unabeba nini siku zote?" Wakaanza kuhesabu. Watu wanane kwa kilo 70 kila mmoja ni kilo 560. Tangi lenye lita 90 za dizeli hukaribia kilo 75. Maji lita 40 ni kilo 40. Kisha tairi mbili za akiba, jeki, mikoba ya wageni na masanduku ya chakula. Akasema ya kuwa springi huchaguliwa kwa hesabu hiyo, kwa mzigo wa kila siku, wala si kwa mzigo ambao mtu anautamani. Springi laini mno hulala na kugonga, na springi ngumu mno humfanya abiria kuwa springi, mgongo wake ndio upindao.

Mimi, badala ya kunyamaza, nikauliza, "Na tukitia nzuri kabisa, Fundi, si tutaweza kuongeza watu?" Akanitazama kwa upole. "Maalim, springi haziongezi nguvu ya ekseli, wala ya chesisi, wala ya breki, wala ya tairi. Aliyelitengeneza gari ameandika uzito wake wa mwisho, nami siwezi kuufuta kwa spana. Na gari likiinuliwa, uzito wake hukaa juu zaidi, hivyo hupinduka upesi kuliko zamani. Ukiliinua, punguza mwendo, usiongeze watu." Alikuwa na nafasi ya kutuuzia springi nzito zaidi na kupata faida, naye hakuitumia.

Yakatolewa mabapa ya lori. Akatia springi mpya za kiasi, zilizoliinua gari kwa sentimita 5 tu, na shokapu nne mpya zenye urefu unaolingana nazo, maana shokapu fupi kwa springi ndefu hung'oka. Akabadili bushi zote za mpira, akatia mpira mrefu wa breki, na magurudumu yakapimwa yaende sawa. Gharama ilikuwa kubwa, mpwa wangu akalipa kwa mafungu mawili. Mwisho fundi akamwusia, "Baada ya kilomita mia kadhaa urudi nikaze bolti, kwa kuwa springi mpya hujikalia mahali pake na bolti hulegea."

Baada ya miezi miwili, dada yangu akiwa amepona, ikafika siku ya ziara ya vijana wetu kwenda Butiama. Niliwaambia waje saba, wakaja kumi na wanne, kila mmoja amevaa kanzu safi na amechukua chakula chake. Nikaona nyuso zao, nikashindwa kumrudisha hata mmoja. Nikamwambia mpwa wangu, "Wadogo watapakatwa. Ni kilomita arubaini na kitu tu, na springi ni mpya."

Akanivuta kando, akasema kwa sauti ya chini ili vijana wasisikie, "Mjomba, wewe ndiye uliyenifundisha dua ya safari. Naogopa kuisoma huku nimewapandanisha watoto wa watu. Viti ni vinane."

Ndugu wasomaji, naliona haya, na haya yale yalinifaa. Nikatoa fedha ya dizeli mfukoni mwangu, tukaenda kwa zamu mbili. Saba wa kwanza wakatangulia na mwalimu mwenzangu, saba wa pili nikabaki nao Musoma, tukadurusu mpaka gari liliporudi. Hakuna aliyenung'unika.

Njia ya Butiama hupanda polepole kati ya vilima vya mawe, mashamba ya mihogo na mtama, na ng'ombe wavukao bila kutazama. Gari lilipita kwenye mashimo kama mtu mzima apitavyo penye watu waliolala. Kijana aliyekaa nyuma kabisa alisinzia, nami nikamkumbuka dada yangu na machozi yake katika kiti kile kile.

Tulipofika tukawakuta wenzetu Mwitongo, penye boma la ukoo wa Nyerere. Tukaliona kaburi la Mwalimu, aliyezaliwa hapo mwaka 1922 na kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na makumbusho yaliyofunguliwa mwaka huo huo. Nikawaeleza vijana ya kuwa mwaka 1934, akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, alitoka hapa kwenda kusoma shule ya Mwisenge, Musoma. Mmoja akauliza, "Maalim, alikwenda na gari gani?" Nikamjibu, "Kwa miguu yake." Wakacheka, kisha wakanyamaza, wakaitazama njia tuliyokuja nayo.

Alasiri tukaanza kurudi kwa zamu zile zile, na wa mwisho waliingia Musoma kabla ya Maghrib. Mama zao walikuwa mlangoni wakiwahesabu.

Basi, enyi vijana mnaoendesha magari, inameni mtazame chini: mafuta yakivuja kwenye shokapu, mpira wa breki ukivutika, gari likiruka kuliko kawaida yake, msiondoke. Mkiliinua gari, lipimeni kwa mzigo wenu wa kweli, na kila kilichofungwa nalo kifuate urefu wake mpya. Nanyi wazazi na walimu wenzangu, dereva akiwaambia viti vimejaa, msimbembeleze. Mimi nilimbembeleza mpwa wangu mara mbili. Mara ya kwanza alinitii, akaumia mama yake. Mara ya pili alinikataa, na watoto kumi na wanne wakarudi kwao salama.