Gari la madrasa na kompyuta yake



Gari letu la madrasa, HiAce ya dizeli ya D-4D, lilikuwa na ugonjwa mmoja: ukikanyaga mafuta kutoka mwendo mdogo, linasitasita kwanza ndipo livute. Jinja mjini si neno. Lakini tunapowapeleka vijana Mbale, kwenye Chuo Kikuu cha Kiislamu, tunakutana na malori ya miwa ya Kakira. Siku moja tulikuwa tumeshafika ubavuni mwa lori, gari likawa linajifikiria, na mbele linakuja basi. Tulirudi nyuma. Watoto wote kimya.

Fundi mmoja kijana akaja na laptopu. Injini hizi zina kompyuta yenye majedwali ndani yake: dizeli imwagwe kiasi gani, wakati gani, tabo isukume hewa kiasi gani. Ukibadilisha namba hizo, gari huvuta mapema. Akatuahidi na nguvu za ziada. Hizo tukazikataa. Gari ni wakfu, na dizeli ikizidi hewa ni moshi mweusi, tabo kuungua na klachi kuisha upesi.

Fundi wetu wa zamani (hana kompyuta, ana masikio) akasema njia za hewa zitazamwe kwanza. Akakuta masizi yameziba vali inayorudisha moshi kwenye injini, na mpira wa tabo una ufa. Nusu ya ugonjwa ikaisha hapo!

Ndipo kijana akarekebisha mwendo wa chini tu, na programu ya awali akatuhifadhia.

Juma lililopita tumekwenda Mbale na kurudi, alhamdulillah. Gharama zimo kwenye daftari la madrasa. Mzazi anayetaka kuziona akaribie baada ya Alasiri.