Kungoja Windo

Wazee wetu walituachia mashahidi wawili katika kesi ya kungoja, na mashahidi hao hawapatani. Wa kwanza asema kuwa subira huvuta heri. Wa pili asema kuwa ngojangoja huumiza matumbo. Kwa miaka mingi nimewasomesha wanafunzi wangu methali hizi mbili kuwa mfano wa jinsi lugha iwezavyo kujipinga bila ya kujikana, na kila mwaka nimeulizwa ni ipi iliyo kweli. Nilikuwa na jibu langu la darasani, fasaha katika maneno na haba katika faida. Jibu nililo nalo leo sikulipata katika vitabu. Nililipata katika mchezo wa watoto, na nakiri hivyo bila ya haya, kwa sababu elimu haichagui mlango wa kuingilia.

Mchezo wenyewe huitwa Monster Hunter, yaani mwindaji wa mazimwi. Ulitungwa Japani na kampuni ya Capcom, ukatoka mara ya kwanza mwaka 2004 katika mashine ya kuchezea sebuleni. Mwaka 2005 ulihamishiwa katika mashine ndogo ya kushikwa mkononi, na hapo ndipo ulipoota mizizi, maana wachezaji waliweza kukutana mahali pamoja, kila mmoja na mashine yake, wakaingia mwituni watu wanne kwa windo moja. Tangu hapo habari za mchezo huu zimekuwa pia habari za kungoja. Toleo lililotoka mwaka 2010 kwa mashine ya mkononi lilipendwa mno na Wajapani, lakini halikutolewa nje ya nchi yao. Wapenzi wake wa nchi nyingine walitazama baharini kama watazamavyo wake wa mabaharia, na jahazi halikuja.

Sheria za windo hili zataka kuelezwa kidogo, kwani ndani yake ndimo mlimo maana. Mwindaji haongezeki nguvu mwilini kwa kuua. Alipatalo kwa mnyama aliyeangushwa ni ngozi, magamba, pembe na kucha, na kwa vitu hivyo hufuliwa silaha na deraya za kumkabili mnyama aliye mkubwa zaidi. Kila windo, basi, ni matayarisho ya windo lifuatalo. Kabla ya kutoka mwindaji hula, huhesabu dawa zake na hutazama makali ya upanga wake. Makali hayo huisha katikati ya vita, na hapana budi ajitenge kando anoe, ilhali zimwi linanguruma nyuma yake. Akizimia mara tatu, windo limepotea. Na zimwi si gogo la kukatwa tu: lina mwendo wake, hasira yake na uchovu wake, na likijeruhiwa sana huchechemea kurudi pangoni kulala. Wengi washindwao hawashindwi kwa udhaifu, hushindwa kwa haraka.

Tarehe 17 Septemba 2020 lilitangazwa toleo jipya, Monster Hunter Rise, la mashine ya mkononi iitwayo Nintendo Switch, na ikasemwa kuwa litatoka tarehe 26 Machi 2021. Mwanangu alikuwa darasa la saba, na mashine hiyo alikuwa amepewa na mjomba wake afanyaye kazi Dubai. Jioni moja nilipokagua daftari lake la hesabu, nilikuta ndani ya jalada ameandika 190, na chini yake 189, 188, 187, kila tarakimu imekatwa kwa mstari. Ulikuwa umebaki muda mfupi kabla ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi.

Nikamwuliza, "Hesabu za mtihani zi wapi?"

Akajibu, "Hizi nazo ni hesabu, Mama."

Nilikasirika, na kwa kuwa hasira ya mwalimu hutafuta hoja, nilimwambia kuwa anapoteza siku zake kwa kuyangoja mazimwi ya watu wa mbali. Hakunijibu. Mtihani ulipokwisha alinifuata jikoni na mashine yake, akanionyesha wanyama wa mchezo huo mpya mmoja mmoja. Ndipo nilipoona kuwa watungaji wake walikuwa wamerudi katika ngano za bibi zao. Tetranadon ametokana na kappa, pepo wa mito ya Japani. Aknosom ametokana na mwavuli mkuukuu uliogeuka kuwa kizuka cha mguu mmoja. Bishaten ametokana na tengu wa milimani, na Goss Harag ametokana na namahage, wale wenye vinyago ambao mwisho wa mwaka huingia majumbani katika nchi ya Akita kuwatisha watoto wavivu. Nilijikuta nikisema kwa sauti, "Hawa wamewafanyia mazimwi wao lile ambalo sisi hatujawafanyia wetu."

"Kwani sisi tuna nani?" akauliza.

Nikaketi juu ya kigoda nikamhadithia habari za nunda. Ngano hiyo iliandikwa Unguja na Edward Steere, ikapigwa chapa London mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili, nami huisomesha kila mwaka. Paka wa Sultani Majnuni alianza kwa kula mifugo, na kila aliposhitakiwa, Sultani alisema paka ni wake na mali ni yake. Paka akaendelea mpaka akala watu, akaingia mwituni akawa nunda. Mwana mdogo wa Sultani, ambaye hakudhaniwa kuwa na maana, akatoka kumsaka. Hakuwa akimjua kwa sura. Aliua mbwa akamburura hadi nyumbani, akiimba kwa furaha kuwa amempata, na mama yake akamwambia siye. Akaua ngawa, siye. Akaua punda milia, twiga, kifaru na tembo, kila mmoja mkubwa kuliko aliyetangulia, na kila mara jibu lilikuwa lile lile, hata siku alipomkuta nunda mwenyewe.

Mwanangu alicheka hata akashika ubavu. "Hiyo ndiyo Monster Hunter, Mama! Ila humo paka ni rafiki, husaidia kuwinda."

Kuanzia siku hiyo tarakimu za daftarini zilikuwa zetu sote wawili. Sitajifanya kuwa niliupenda mchezo kwa siku moja. Nilipenda kwanza kuona jinsi mtoto atazamiavyo. Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili, na kila moja lina mzigo wake. Kungoja ni kukaa. Kusubiri ni kustahimili. Kutazamia kumetoka katika kutazama, yaani ni kungoja kwa macho yaliyo wazi, kama akaaye barazani akiangalia njia. Mtoto huyu alitazamia: alijua majina ya silaha zote 14, aliipima kila moja kwa faida na hasara, na aliniuliza mimi ningechagua ipi. Nilichagua upinde, kwa sababu nilitaka kuwa mbali na meno.

Mwanzoni mwa Januari 2021 kampuni ilitoa kionjo cha bure. Kilikuwa na windo la Great Izuchi, mjusi mkubwa mwenye mkia kama mundu, atembeaye na wafuasi wawili, na windo la Mizutsune, mnyama mwenye sura ya mbweha atoaye mapovu yenye kumtelezesha mwindaji. Walakini kionjo kilikuwa na sharti: mtu angeweza kutoka kuwinda mara 30 tu, na baada ya hapo mlango ungefungwa.

Sharti hilo lilitukuta katika siku chache zilizobaki kabla mwanangu hajaenda kidato cha kwanza, katika shule ya bweni mkoani Morogoro. Sebule yetu ilikuwa imejaa tranka, godoro, ndoo, jembe, fagio na rimu ya karatasi, kama fomu ya shule ilivyoagiza. Katikati ya vitu hivyo tuliketi sakafuni tukipokezana mashine moja. Mjusi tulimwangusha mara ya tatu. Mizutsune alitushinda usiku wa kwanza, akatushinda na wa pili. Nilipokuwa nikishona namba za shule katika mashati, yeye alikuwa akinisomea kwa sauti ngapi zimebaki: kumi na nane, kumi na tano, kumi na moja. Sijui kama alitambua kuwa nami nilikuwa nikihesabu, na kwamba hesabu yangu haikuwa ya mawindo.

Asubuhi ya safari alinikabidhi mashine. "Zimebaki tano, Mama. Usizimalize zote."

Nilimfikisha, nikatia sahihi vitabu vyote vya kutiwa sahihi, nikarudi Dar es Salaam usiku. Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi.

Wiki ya kwanza sikuigusa mashine. Wiki ya pili niliiwasha nikatumia mara nne, na mara zote nne Mizutsune alinilaza chini. Mara ya nne nilimwona akichechemea kurudi pangoni, nikamfuata kwa pupa bila ya kunywa dawa, akanimaliza. Ilibaki mara moja. Niliiacha. Mwisho wa Januari kionjo kikafungwa, na ile mara moja ikafungwa nayo.

Shuleni simu hazikuruhusiwa. Jumapili moja moja mwalimu wa zamu aliwapa watoto simu yake kwa dakika chache, mmoja baada ya mmoja katika foleni. Mara ya kwanza mwanangu alipofikiwa na zamu, sauti yake ilikuja ya haraka, bila ya salamu za kutosha: "Mama, umemwua?"

Nikasema, "Bado, mwanangu. Ile ya mwisho nimekuwekea wewe." Sikumwambia kuwa imekwisha fungwa.

Nilipoiweka simu chini, ilinijia ngano ya nunda kana kwamba siku zote nilikuwa nikiisoma kwa jicho moja. Nimewauliza wanafunzi wangu kwa nini shujaa ni mtoto mdogo. Nimewauliza paka yule ni mfano wa utawala gani. Sikupata kuwauliza habari za mama, wala sikujiuliza mwenyewe. Nilimwona kuwa ni kinywa tu cha kusema siye. Lakini mama yule ndiye angojaye katika ngano ile. Mtoto yu mwituni, naye yu nyumbani, na hajui lolote mpaka asikie wimbo kwa mbali. Na wimbo huo, kabla haujawa habari ya mnyama, ni habari ya kuwa mwimbaji yu hai. Yamkini mama alikwisha pata alilolingoja kabla hajamtazama mzoga. Tena neno lake si jepesi kama nilivyodhani. Kila asemapo siye, amemfungulia mwanawe mlango atoke tena, kwa mnyama mkubwa zaidi. Angaliweza kusema ndiye, akabaki naye nyumbani. Hakusema.

Tarehe 12 Machi kilitoka kionjo cha pili, chenye zimwi kuu la mchezo, Magnamalo, azungukwaye na moto wa zambarau. Sikukipakua. Tarehe 26 Machi mchezo wenyewe ukatoka, na mwezi wa Aprili kadi yake ikanifikia kutoka kwa mjomba, ndani ya kasha lililofungwa kwa nailoni. Niliiweka juu ya kabati. Wenzangu wawili chuoni, waliojua habari hizi, walinicheka kwa mapenzi na kuniuliza mbona nangoja kitu kilicho mkononi mwangu. Niliwajibu kuwa nilichokingoja hakikuwa juu ya kabati.

Alirudi likizo ya Juni. Alikuwa amerefuka, na sauti yake ilikuwa imeanza kuvunjika. Alikula, akalala, akaamka akala tena. Siku ya kwanza hakuuliza kitu. Siku ya pili alikwenda kwa rafiki zake akarudi magharibi. Nilishikwa na hofu ambayo sikuitazamia: kwamba nimeitunza hamu ambayo mwenyewe amekwisha iacha njiani, kama aachavyo viatu vilivyombana. Sikumkumbusha. Mwindaji wa pupa nilikwisha kuwa mara moja, na nilijua malipo yake.

Usiku wa siku ya tatu alisimama mlangoni mwa chumba changu. "Mama, lile kasha juu ya kabati, hukulifungua?"

"Bado."

"Tangu Aprili?"

"Tangu Aprili."

Alinitazama kwa muda, kisha akaenda kuvuta kiti. Tulikata ile nailoni kwa kisu cha mboga, tukaketi pale pale sakafuni palipokuwa na tranka. Baada ya siku nne za kushindwa na kunoa, tulimwangusha Mizutsune, naye ndiye aliyeshika mashine. Alipiga kelele hata jirani akagonga ukuta. Nikamwambia asijivune, kwa maana Magnamalo bado. Na alipofikiwa Magnamalo, mchezo ulionyesha kuwa nyuma yake kuna wengine.

Wanafunzi wakiniuliza sasa ni methali ipi iliyo ya kweli, nawaambia kuwa mashahidi wetu wawili hawakuulizwa swali moja. Kungoja kwa mikono mitupu huumiza matumbo, nami nimeyapata maumivu hayo katika nyumba iliyokuwa safi kupita kiasi. Kungoja kwa kunoa, kwa kuhesabu dawa, na kwa kumwekea mwenzio fungu lake hata kama fungu lenyewe limekwisha fungwa, ndiko kunakovuta heri, japokuwa heri hiyo haiji siku uliyoiandika daftarini. Mwanangu sasa ni kijana, na mawindo yake ni mengine, ambayo hanionyeshi yote. Mimi bado nakaa barazani nikisikiliza.