Nyalikungu kwa Mafundi

Ukishika barabara ya Mwigumbi, lami inakuteremsha hadi Maswa, na Nyalikungu ndiko uliko mji wenyewe. Njoo msimu wa pamba. Nyuzi nyeupe zimenasa kwenye miiba kandokando ya barabara, malori yanapishana yakiwa yamelemewa, na kila kona unasalimiwa "Mwangaluka!" kabla hata hujafungua mdomo. Mgeni haondoki bila kuonja michembe.

Mimi napenda zaidi gereji zake za chini ya mwarobaini. Hapo nilimkuta fundi akifungua stata ya Canter iliyokufa siku nyingi, aifunge kwenye nyingine iliyokuwa ikisubiriwa na mzigo. Aliifuta vumbi kwa kitambaa, akaipachika, akakaza bolti, akamwambia kijana aliyekaa kwenye usukani: "Haya, piga!" Injini ikawaka papo hapo.

Spea ya gari hili kukubali kwenye gari lile tumeizoea mno hata hatuishangai. Mwanzoni mwa karne iliyopita, magari mengi yalitengenezwa moja moja, na fundi alikwangua kifaa kwa tupa mpaka kikae. Henry Leland, Mmarekani aliyejifunza usahihi wa vipimo katika viwanda vya bunduki, hakuukubali mtindo huo alipounda Cadillac, jina lililokuja kuwa la magari ya kifahari. Mwaka 1908, Cadillac tatu zilifunguliwa zote huko Brooklands, Uingereza, mbele ya wasimamizi wa chama cha wenye magari. Vifaa vikachanganywa, 89 vikatolewa na kuwekwa vingine kutoka stoo ya wakala. Mafundi wakaziunga upya kwa spana na bisibisi tu, zikawaka, zikakimbia maili 500, kama kilomita 800. Kwangu mimi, hakuna ushindi wa mashindano ya mbio unaoufikia huo.

Stata nayo ina asili hiyohiyo. Cadillac za mwaka 1912 ziliuzwa zikiwa na stata ya umeme ya Charles Kettering. Kabla ya hapo injini ilizungushwa kwa hendeli, na hendeli ikirudi nyuma ilivunja mkono.

Fundi wa Nyalikungu anaifanya kazi ya Brooklands kila siku, juani, pamba ikisubiri kufika kiwandani. Ukija, pitia gereji asubuhi, jua halijawa kali. Uliza usichokijua: wataacha spana wakuonyeshe.