Jina Lililoonewa Haya

Mama mwenzetu, je, umewahi kuombwa na mtoto uliyemzaa mwenyewe umshushe mbali na lango la shule, ili wenzake wasikuone? Sisi yametupata.

Tulikuwa Lansing, katika jimbo la Michigan, Marekani, ambako tuliishi tangu 1998 hadi 2004 kwa ajili ya masomo ya baba watoto. Gari letu lilikuwa Oldsmobile Cutlass Ciera ya mwaka 1990, ya kijivu, tuliyouziwa na bibi mmoja mjane, jirani yetu. Marehemu mume wake alikuwa amefanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha Oldsmobile mjini humo. Gari halikuwa na neno. Asubuhi za theluji, wakati magari ya wengine yakikohoa, letu liliwaka mara moja. Lakini kijana wetu, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, aliliita gari la wazee. Tulimkaripia. Kisha tukachoka kukaripia, tukawa tunamshusha kwenye kona, mtaa mmoja kabla ya shule. Tuliona ni jambo dogo.

Bibi yule alipenda kuja kunywa chai yetu ya tangawizi, na historia ya gari lile tuliipata kwake. Ransom Olds alianzisha kampuni mwaka 1897 papo hapo Lansing. Miaka kadhaa kabla Ford hajatoa Model T yake, Olds alikuwa tayari akitengeneza vigari vidogo kwa maelfu. General Motors ikainunua kampuni mwaka 1908. Kwa magari ya mwaka 1940 ilileta gia za otomatiki, dereva akapumzika na klachi (sisi tuliojifunzia kwenye milima tunajua maana yake). Mwaka 1976 Cutlass ndilo lililouzwa kuliko gari lolote Marekani, na mwaka 1985 Oldsmobile iliuza magari zaidi ya milioni moja.

Sasa, nyumba yenye neema namna hiyo iliangukaje? Kulikuwa na injini ya dizeli iliyotolewa mwaka 1978, iliyofuata mno umbo la injini ya petroli. Boliti za silinda hedi zilishindwa kuhimili mkandamizo, na wanunuzi wengi wakaapa kutorudi. Tena General Motors ilizoea kushona nguo moja na kuwavika watoto wote. Hiyo Ciera yetu ilikuwa na ndugu watatu, Buick, Pontiac na Chevrolet, na ukiwapanga gizani huwezi kujua yupi ni yupi. Mtu alipe zaidi kwa nini?

Lakini lililomuuma bibi ni jingine. Mwaka 1988 yalitoka matangazo yakijisifu kwamba hii si Oldsmobile ya baba yako. Walitaka vijana. Vijana hawakuja, na hao baba waliotajwa ndio waliokuwa wakinunua. Baadaye likaja gari zuri kweli, Aurora, la mwaka 1995, na kwa nje hawakuliandika hata jina la Oldsmobile. Bibi alisema ni kama binti anayejenga nyumba nzuri halafu anamficha mama yake jikoni wageni wakija.

Desemba 2000, General Motors ilitangaza kwamba itaifunga Oldsmobile hatua kwa hatua. Mwaka huo mauzo hayakufika hata laki tatu. Bibi alikuja na gazeti mkononi, akakaa, chai ikapoa mbele yake. Tulijaribu kumfariji. Akanyamaza, kisha akasema kwa upole, "Huwa namwona kijana wenu akishuka pale kwenye kona."

Hakuongeza neno. Sisi tulitazamana. Tulikuwa tumewalaumu wakubwa wa kampuni kwa kuona haya jina lililowalisha, na kumbe kila asubuhi sisi wenyewe tulikuwa tukifunga breki kwenye kona kwa haya hizohizo. Kijana alikuwa mtoto, lakini mguu ulioikanyaga breki haukuwa wake.

Shule zilipofunguliwa Januari, alisema kama kawaida, "Hapa panatosha." Tukamjibu, "Leo hatusimami." Tukampeleka mpaka langoni. Msidhani alitushukuru! Alinuna wiki nzima, akila bila kutazama mtu. Mara mbili tulikaribia kulegea.

Gari la mwisho, Alero, lilitoka katika kiwanda cha Lansing tarehe 29 Aprili 2004, na wafanyakazi wakatia saini zao chini ya boneti. Jina lilikuwa limedumu miaka 107 na kutoa magari zaidi ya milioni 35. Kijana wetu alikuwa na miaka kumi na saba, na alikuwa amejifunzia udereva katika Ciera ileile. Alipotoka shule siku hiyo, alichukua ufunguo bila kutuambia aendako, akaenda kumgongea bibi mlango.

Baadaye bibi alitusimulia. Aliomba tu wapite taratibu mbele ya kiwanda. Kijana akapita, akafika mwisho wa barabara, akageuza gari, akapita tena.