Nililala na Ufunguo

Geto letu la Ng'ong'ona, Dodoma, lina ufunguo mmoja. Siku ya testi ya mwenzangu nilisinzia maktaba, ufunguo mfukoni, simu nimeizima sauti. Kitambulisho chake kilikuwa ndani. Testi ikampita.

Usiku nikafungua notisi za Java, nikakuta kosa langu. Programu huendesha kazi kadhaa kwa pamoja, kila moja ni thredi. Thredi ikiambiwa ilale, inalala na kufuli lake, zinazolihitaji zinasota. Ikiambiwa isubiri, inaachia kufuli kwanza, inangoja kuamshwa, na ikiamka inapaswa kukagua hali upya.

Sasa nikitoka namwachia ufunguo mama mwenye nyumba, namtumia mwenzangu meseji. Amenisamehe, ila testi haijarudi. Nikienda mazoezi ya kufundisha, somo hili nitalianza na ufunguo.