Changamoto ya Upumuaji

Mwanzoni mwa 2021 hapa Dar kila msiba ulikuwa na sababu moja: "changamoto ya upumuaji". Mama mdogo wangu wa Tabata Kimanga naye aliandikiwa hivyo kwenye grupu la familia. Kwa kuwa mimi ni nesi, binamu zangu wakanigeukia: "Dada, changamoto ndo ugonjwa gani?"

Changamoto siyo ugonjwa. Kilichompata kina jina, ARDS: vifuko vya hewa vya mapafu yote mawili vinajaa majimaji yanayovuja kutoka kwenye damu, oksijeni haipiti, na tatizo siyo moyo kushindwa kazi. Madaktari wa Denver, Marekani, walikieleza mwaka 1967 kwa wagonjwa 12. Fasili ya Berlin ya 2012 ikaweka masharti: damu ya ateri ipimwe oksijeni, mgonjwa awe kwenye mashine ya kumsaidia kupumua, eksirei ionyeshe ukungu pande zote.

Sasa kama hospitali haina mashine ya kutosha? Hapo ndipo ninapoipenda Kigali. Utafiti wa hospitali moja ya huko, uliochapishwa 2016, ulikagua wagonjwa 1,046. Kwa masharti ya Berlin waliopatikana na ARDS ni sifuri. Sifuri! Yaani kwenye karatasi ugonjwa haupo, wodini watu wanakata roho. Wakalegeza masharti: kipimo cha kidoleni badala ya damu ya ateri, altrasaundi iruhusiwe badala ya eksirei, mashine isiwe lazima. Wakapatikana 42, na nusu yao walifariki.

Hesabu yenyewe hata mtoto wa darasa la saba anaiweza. Namba ya kidoleni, ikiwa 97 au chini, unaigawa kwa sehemu ya oksijeni anayovuta. Ikiwa 315 au pungufu, hilo ni sharti mojawapo. Mama mdogo alisoma 84 akivuta kama asilimia 60: 84 gawa kwa 0.6 ni 140. Eksirei yake ilikuwa nyeupe kulia na kushoto. Binamu yangu wa mwisho aliirudia hesabu kwenye simu yake mara mbili, kimya.

Fasili mpya ya dunia, ya 2023, imekubali altrasaundi na kipimo cha kidoleni. Ila kifaa chenyewe kina kasoro: kwenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu kuliko ukweli, na rangi ya kucha inakichanganya. Ndiyo maana zamu yangu hainikuti bila pamba na asetoni.