MAWINGU YA ATOMU

Likizo iliyopita mjomba wangu aliniuliza, "Hizo atomu mnazofundishwa, nani amezitia machoni?" Mjomba ni mkulima. Nikamjibu kwa adabu kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na kwamba yeye mwenyewe hutayarisha shamba kabla tone halijaanguka. Akacheka, akasema, "Haya, nionyeshe mawingu ya atomu zako." Makala haya ndiyo jibu langu, na mfano nimeuchagua katika chumvi za kobalti.

Kobalti ikiungana na klorini na amonia huleta chumvi za rangi mbalimbali: manjano, zambarau, kijani. Mwaka 1893 Alfred Werner, kijana wa miaka 26 aliyefanya kazi Zürich, Uswisi, alieleza siri yake. Alisema kwamba atomu ya kobalti huzungukwa na majirani sita: mmoja juu, mmoja chini, na wanne kandokando. Hakuwa na chombo cha kumwonyesha atomu hata moja, alihesabu tu. Ikiwa majirani wanne ni amonia na wawili ni klorini, umbo hilo huruhusu namna mbili: klorini zielekeane, au zikae ubavu kwa ubavu. Kama wote sita wangepangwa duara kama juu ya sahani, namna zingekuwa tatu. Chumvi ya kijani ilikuwa imekwisha kujulikana. Ya pili, yenye rangi ya urujuani, Werner aliipata mwaka 1907. Ya tatu haikupatikana kamwe. Mwaka 1913 alipewa Tuzo ya Nobel.

Sumaku nayo ni shahidi. Kila elektroni ni kama sumaku ndogo, na mbili zikifanya jozi nguvu zao hubatilishana. Kobalti tupu huvutwa na sumaku kama chuma. Lakini katika chumvi ya manjano, yenye amonia sita, elektroni sita zinazohusika hufanya jozi tatu, na sumaku huisukuma kidogo. Mahali pa amonia pakikaliwa na florini sita, elektroni nne hubaki bila wenzao, na chumvi huvutwa. Kobalti ni ile ile. Waliobadilika ni majirani. Ili kupima haya, mrija wenye chumvi huning'inizwa kwenye mizani kati ya ncha za sumaku, na uzito huonekana kuongezeka au kupungua.

Hata sisi shuleni twaweza kuyaona mawingu haya. Kloridi ya kobalti ndani ya maji ni ya waridi. Ukitia asidi kali ya haidrokloriki, majirani sita wa maji huwapisha klorini wanne, na rangi hugeuka buluu. Ukizidisha maji, waridi hurudi.

Basi, wadogo zangu wa vidato vya chini, rangi inapogeuka ndani ya mrija msiridhike kuiandika daftarini. Ulizeni nani amehama, na nani ameingia mahali pake.

Mwanafunzi, Kidato cha VI